Mjumbe hauawi: pima kihisi joto kabla ya kukitupa

Ndugu msikilizaji, katika miji yetu jua ndilo dobi mkuu. Unaanika nguo kwenye kamba asubuhi, na adhuhuri unazianua zimekauka bila ya kutumia hata senti moja ya umeme. Ndiyo maana mashine ya kukaushia nguo haijawa kitu cha kila nyumba kwetu. Lakini nenda hotelini, nenda hospitalini, nenda kwenye maduka ya dobi wa kisasa, utaikuta. Na inapofika Machi hadi Mei, masika yakatanda juu ya Dar es Salaam na pwani nzima, mashine hiyo ndiyo inayoamua kama mgeni atalalia shuka kavu, na kama mteja atapata shati lake kabla ya siku ya arusi.

Leo nataka tuizungumzie mashine hiyo, hasa ugonjwa wake mmoja ambao watu wanautaja mara nyingi kuliko wanavyoupima. Mashine ikikataa kupata moto, utaambiwa, "Sensa imekufa." Ikipata moto kupita kiasi, utaambiwa, "Sensa imekufa." Ikizima kabla nguo hazijakauka, jibu ni lile lile. Kifaa kidogo kisichozidi ncha ya kidole kimebebeshwa dhambi za mashine nzima, na mwenye mashine anatoa fedha mfukoni kununua kingine. Wazee wetu walisema mjumbe hauawi. Kihisi joto ni mjumbe. Kazi yake ni kupeleka habari ya joto, basi. Hivyo kabla ya kumhukumu mjumbe, tumhoji kwanza: je, habari aliyoileta ni ya kweli au ni ya uongo?

Tuanze na namna mashine yenyewe inavyofanya kazi. Ndani yake kuna pipa linalozungushwa na mota kwa mkanda. Kuna hita, yaani koili ya umeme inayopasha hewa moto. Na kuna feni inayoivuta hewa hiyo ya moto, ikaipitisha kwenye nguo zilizolowa, ikabeba unyevu na kuutoa nje kwa bomba. Zipo pia mashine zisizo na bomba la nje, ambazo huupoza mvuke ndani na kuugeuza maji yanayokusanywa kwenye chombo. Lakini kanuni ni moja: joto peke yake halikaushi nguo. Kinachokausha ni joto pamoja na hewa inayotembea. Naomba neno hilo ulishike vizuri, maana tutalirudia.

Ili nguo zisiungue, lazima kuwe na mlinzi wa joto. Kwa kweli walinzi ni watatu, na makosa mengi ya ufundi huanzia kwenye kuwachanganya.

Wa kwanza ni kihisi joto chenyewe, ambacho jina lake la kitaalamu ni themista. Huyu hafungi wala hafungui umeme wa hita. Yeye anaripoti tu, kidogo kidogo, jinsi joto linavyopanda na kushuka. Bodi ya mashine, yaani ule ubao wa saketi ambao ndio ubongo wake, inasoma ripoti hiyo na kuamua kuwasha au kuzima hita. Wa pili ni themostati, kisahani cha chuma kinachojipinda kikipata moto, kikakata umeme, na kikipoa kikaurudisha. Huyu hana maelezo marefu. Anasema ndiyo au hapana. Wa tatu ni fyuzi ya joto. Huyu ni askari wa mwisho. Joto likipita mpaka aliowekewa, anakata umeme moja kwa moja na harudi tena kazini hadi abadilishwe.

Kwenye mashine nyingine utakuta pia vipande viwili vya chuma kinachong'aa ndani ya pipa. Hivyo si vya joto. Hivyo vinahisi unyevu wa nguo zinapovigusa. Vikipata utando wa dawa ya kulainishia nguo, mashine hudhani nguo zimekauka na kuzima mapema. Dawa yake ni kitambaa chenye siki kidogo na dakika mbili za kusugua. Nimelitaja hili kwa sababu kuna watu wamenunua kihisi joto kipya ilhali kilichohitajika kilikuwa siki.

Sasa turudi kwa themista. Mwaka 1833 mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, alitambua jambo lililokuwa geni. Metali za kawaida, kama shaba, zikipata joto huzidi kuupinga umeme. Lakini Faraday aliona kwamba sulfidi ya fedha hufanya kinyume: ikipata joto, ukinzani wake hupungua na umeme hupita kwa urahisi zaidi. Themista nyingi za mashine za kukaushia nguo hufanya hivyo hivyo, ingawa zimetengenezwa kwa oksidi za metali kama vile manganizi na nikeli. Joto likipanda, ukinzani unashuka. Joto likishuka, ukinzani unapanda. Ukinzani huo tunaupima kwa omu.

Nitakupa mfano wa aina moja iliyoenea sana, ile ya omu 10,000. Maana yake ni kwamba katika joto la digrii 25 za Sentigredi mita itasoma omu 10,000. Kwenye digrii 40 itasoma karibu 5,300. Kwenye digrii 50, karibu 3,600. Kwenye digrii 60, karibu 2,500. Na kwenye digrii 80 itabaki kama 1,300 tu. Zipo aina nyingine, za omu 5,000 au 20,000 na kadhalika, na kila aina ina jedwali lake. Kijitabu cha mashine, au karatasi ambayo watengenezaji wengine huificha nyuma ya paneli, ndicho kitakachokuambia mashine yako ina aina gani.

Hapo pana jambo ambalo fundi wa pwani anatakiwa kulijua. Vitabu vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinasema "omu 10,000 katika joto la chumba." Chumba gani? Chumba chao ni cha digrii 20 au 25. Chumba chetu cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, saa nane mchana, kinaweza kuwa na digrii 32. Katika joto hilo themista nzima kabisa itasoma karibu omu 7,400. Fundi asiyefikiri ataangalia kitabu, ataangalia mita, na atakitupa kihisi kizima kwa kosa la kusema kweli kuhusu joto letu.

Je, kihisi joto huharibika? Naam, huharibika, na kwa njia zinazotambulika. Ya kwanza ni kukatika, ama chenyewe au waya wake. Ukinzani unakuwa hauna mwisho, na bodi inaona kana kwamba mashine imewekwa kwenye barafu kali mno. Mashine iliyoundwa vizuri hutambua kwamba jambo hilo haliwezekani, ikazima na kuwasha taa ya hitilafu au kuandika herufi na namba. Namba hizo hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo usikubali tafsiri ya mtaani, tazama kijitabu. Njia ya pili ni kushika, yaani waya mbili kugusana. Ukinzani unakuwa karibu na sifuri, na bodi inaona jehanamu, ikakataa kuwasha hita.

Njia ya tatu ndiyo ya hila, na pwani yetu yenye hewa ya chumvi inaifahamu vizuri. Ni kutu kwenye viungio vya waya. Kutu hakukati umeme, kunaongeza ukinzani. Sasa hesabu pamoja nami. Joto halisi ni digrii 60, themista inasema omu 2,500. Kutu kunaongeza omu 1,000 njiani. Bodi inapokea 3,500, na kwa bodi hiyo ni joto la digrii 51 au hivi. Kwa hiyo inaendelea kuchochea hita ikidhani bado. Mjumbe amesema kweli, lakini ujumbe umeharibikia njiani. Ukibadilisha kihisi na kuacha kutu, hujatibu kitu.

Basi uchunguzi unaanzia wapi? Hauanzii kwenye kihisi. Unaanzia kwenye hewa. Toa chujio uliangalie. Lile vumbi la nyuzi, linalofanana na pamba ya kijivu, linatakiwa kuondolewa kila baada ya mzigo mmoja wa nguo. Kisha toka nje, mahali bomba linapotolea hewa, weka mkono wako wakati mashine inazunguka. Hewa inasukuma kwa nguvu au inapumua kama mgonjwa? Angalia kama bomba halijakunjamana nyuma ya mashine, kama panya au ndege hajajenga ndani, kama mlango wake wa nje unafunguka. Kwa mashine isiyo na bomba, osha kile kipoza mvuke kama kijitabu kinavyoelekeza. Hewa ikiziba, joto linajikusanya karibu na hita, kihisi kinaripoti ukweli kwamba hapa ni pa moto, bodi inazima hita, na nguo zinabaki mbichi. Ukimwita fundi wa pupa, atasema sensa imekufa. Kumbe sensa ndiyo pekee iliyokuwa macho.

Hewa ikiwa safi na tatizo likabaki, ndipo tunafungua. Na kabla ya kugusa bisibisi, chomoa plagi ukutani. Sikusema zima swichi ya mashine. Nimesema chomoa plagi. Na ikiwa mashine kubwa imeunganishwa moja kwa moja ukutani bila plagi, kazi hiyo mwachie fundi umeme mwenye leseni. Umeme wetu, wa volti 230 au 240, haubagui fundi na mwanafunzi. Vipimo nitakavyovieleza vyote hufanywa mashine ikiwa haina umeme kabisa. Asiyekuwa na mazoea ya kufungua vyombo vya umeme asifungue. Yeye ayasikilize haya ili ajue la kumwuliza fundi.

Kihisi chenyewe huwa mahali hewa inapopita: karibu na hita, au kwenye njia ya hewa inayotoka kwenye pipa, na mashine nyingine zina viwili, kimoja kila upande. Chora kwenye karatasi jinsi waya zilivyokaa kabla hujazichomoa. Kisha chomoa kiungio cha kihisi ili kisiwe kimeshikana na bodi, maana ukikipima kikiwa bado kimeungana na bodi, mita itakusomea kihisi na bodi kwa pamoja, na namba utakayoipata haina maana. Tazama vile vichwa vya waya. Vina kijani au weusi? Vimelegea? Plastiki imeyeyuka? Macho ni kipimo cha kwanza, nacho hakiuzwi dukani.

Sasa chukua mita, iweke kwenye omu. Gusanisha ncha zake mbili. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Hapo umejua kwamba mita yenyewe haikudanganyi. Kisha pima kihisi kikiwa kimepoa, ukijua joto la chumba ulimo. Usishike ncha zote mbili za mita kwa vidole, maana mwili wako nao unapitisha umeme kidogo na utachafua hesabu.

Kipimo kimoja hakitoshi. Mjumbe huulizwa mara tatu, kwa joto la aina tatu. La kwanza umeshalipata, la chumba. La pili ni barafu. Funga kihisi ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, kitumbukize kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji, koroga, ngoja dakika chache. Barafu inayoyeyuka ni digrii sifuri kila mahali, Dar es Salaam na Nairobi sawa, kwa hiyo huhitaji kununua kipimajoto. Ile themista ya omu 10,000 inatakiwa isome karibu 33,000. La tatu ni mwili wako mwenyewe. Kiweke kihisi kwapani, ndani ya mfuko ule ule uliokwisha kukaushwa, ukibane dakika tano kama mgonjwa wa homa. Mwili wa mtu mzima mwenye afya una digrii 36 na ushei hadi 37, na mita itasoma karibu omu 6,000. Watakucheka, waache wacheke. Umepata kipimo sahihi bila gharama.

Kadiri kihisi kinavyopata moto, tazama namba zinavyoshuka. Zinatakiwa zishuke taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi. Zikiruka ghafla, zikapotea na kurudi, hapo kuna ufa ndani, na ufa huo hujitokeza kwenye joto tu. Kihisi cha namna hiyo ndicho chenye hatia kwelikweli, na kutolewa kwake ni halali. Lakini zikishuka vizuri na zikaafikiana na jedwali, kihisi ni kizima. Kirudishe, kisha pima waya kutoka kiungio cha kihisi hadi kiungio cha bodi. Kila waya unatakiwa usome karibu na sifuri, hata ukiutikisa. Waya nao ukiwa mzima, pima themostati na fyuzi ya joto. Zikiwa nzima na zimepoa, nazo husoma karibu na sifuri. Bodi ni ya mwisho kushukiwa, kwa sababu ndiyo ghali kuliko vyote na ndiyo ngumu kuipima.

Nitatoa mfano ili uone kwa nini nasisitiza namba. Mama mmoja ninayemfahamu ana duka la dobi jijini Dar es Salaam. Masika ya mwaka mmoja mashine yake ilianza kutoa nguo mbichi. Fundi wa kwanza alifungua, hakupima, akasema, "Mama, sensa imekufa, lakini usijali, ninayo nyingine." Akaiweka iliyotolewa kwenye mashine mbovu ya aina nyingine. Kweli, nguo zikaanza kukauka. Zikakauka mno. Kola za mashati meupe zikageuka rangi ya chai, na vifungo vya plastiki vikajipinda. Mama akawalipa wateja wawili kutoka kwenye faida yake ya juma zima. Baada ya siku chache mashine ikagoma kabisa kupata moto. Fundi wa pili akaja, akakuta fyuzi ya joto imekatika. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha pale fyuzi ilipokuwa, akasema, "Inafanya kazi, mama." Na kweli ilifanya kazi, ila duka likaanza kunuka harufu ya kuungua.

Ndipo aliponiita. Nilimwomba barafu kutoka duka la samaki jirani. Kihisi kilichowekwa na fundi wa kwanza kilisoma omu 66,000 kwenye barafu, mara mbili ya kilichotakiwa. Kilikuwa kizima kabisa, lakini kilikuwa cha omu 20,000 kwenye mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya omu 10,000. Maana yake nini? Joto halisi likifika digrii 80, kihisi hicho kinasema omu 2,500, na bodi inasoma digrii 60. Mjumbe alikuwa anazungumza lugha ambayo mfalme haijui. Moto ulipanda, bodi ikaendelea kusema bado, hadi askari wa mwisho, ile fyuzi, akajitoa mhanga. Na badala ya kushukuriwa, akawekewa waya.

Kwa bahati mama yule hatupi kitu. Kihisi cha asili alikuwa amekiweka kwenye kiberiti kitupu, ndani ya droo ya fedha. Nilikipima kwenye barafu: 33,000. Nilikipima kwenye joto la duka, digrii 30: 8,000. Hakikuwa na ugonjwa wowote tangu mwanzo. Tulipoivuta mashine kutoka ukutani, bomba la hewa lilikuwa limebanwa na kukunjamana, na ndani yake mlikuwa na vumbi la nyuzi la kujaza ndoo. Huo ndio ulikuwa ugonjwa. Kihisi kilikuwa kinapiga kelele kwamba hita inachemka kwa kukosa hewa, nao wakakiondoa kwa kusema kweli. Bomba lilisafishwa, kihisi cha zamani kikarudi mahali pake, fyuzi mpya ya kiwango kilekile ikanunuliwa, na ule waya ukatupwa. Nguo zikakauka. Kati ya vitu vyote alivyouziwa mama yule, alichokihitaji kilikuwa fyuzi moja, nayo isingekatika kama mtu angepima siku ya kwanza.

Ndugu msikilizaji, huenda ukasema haya ni mambo ya kola na vifungo. La hasha. Vumbi la nyuzi hushika moto kama sufi. Nchini Marekani, ambako mashine hizi zimo katika nyumba nyingi, idara yao ya serikali inayoshughulikia moto ilikadiria, kwa miaka ya 2008 hadi 2010, mioto 2,900 ya mashine za kukaushia nguo majumbani kila mwaka, vifo 5, majeruhi 100 na hasara ya dola milioni 35. Sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa ni kutosafisha. Mjini London, mwezi Agosti 2016, moto ulianzia kwenye mashine mbovu ya kukaushia nguo katika jengo la ghorofa 18 mtaa wa Shepherd's Bush, ukapanda ghorofa kadhaa na kuwatoa watu majumbani mwao. Sasa fikiria duka la dobi kwenye mtaa wetu, limebanwa kati ya duka la vipodozi na saluni, familia zinalala juu yake, na ndani yake kuna mashine ambayo fyuzi yake ni kipande cha waya.

Kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno: fyuzi ya joto haiunganishwi kwa waya, hata kwa siku moja, hata kama mteja amesimama mlangoni. Fyuzi ikikatika, imekuletea barua. Barua inasema kuna joto lililopita kiasi, tafuta lilikotoka. Ukibadilisha fyuzi bila kutafuta, utanunua nyingine kesho. Ukiiunganisha kwa waya, umeichana barua kabla ya kuisoma.

Na kwa wenye hoteli niongeze mambo mawili. Taulo zilizolowa mafuta ya kuchulia au ya kupikia zisipofuliwa zikatakata, zinaweza kujipasha moto zenyewe zikiwa zimerundikwa baada ya kukaushwa, hata mashine ikiwa nzima na kihisi chake kizima. Pia usiizime mashine katikati ya kazi ukaziacha nguo ndani. Zile dakika za mwisho ambapo pipa huzunguka bila moto ziliwekwa makusudi ili nguo zipoe. Ukilazimika kuizima, zitoe nguo mara moja uzitandaze.

Sikusudii kuwadharau mafundi wetu. Wapo vijana hodari ambao kwa mita moja na bisibisi wanafufua vyombo ambavyo kwingine vingetupwa jalalani. Lakini ufundi wa kubahatisha unamgharimu mwenye mali, na unamharibia jina fundi mwenyewe. Daktari akikwambia una homa bila kukugusa utamwuliza amejuaje. Fundi naye aulizwe.

Basi siku utakapoambiwa kwamba sensa imekufa, mwulize fundi wako maswali matatu, kwa upole na kwa heshima. Fundi, umepima? Umepata omu ngapi, na joto lilikuwa digrii ngapi? Na kijitabu kinasema ilitakiwa iwe ngapi? Akikujibu yote matatu, mlipe haki yake na umshukuru. Akishindwa hata moja, mpe muda akapime, na wewe wakati huo vuta mashine kutoka ukutani uliangalie bomba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta wenyewe unaweza kuwa wa jirani.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, nakutakia kazi njema.